Mpira wa kompyuta unaelea, ule wa karatasi ulidunda: nimekosea wapi?

kalamu_risasi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu. Naomba msaada wa wale waliokwisha kubobea katika uhuishaji, yaani kuifanya michoro ionekane inasogea, uwe wa mkono au wa kompyuta. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijifunza peke yangu, nikianza na karatasi na meza ya taa (inayomulikwa kwa chini ili mchoro wa nyuma uonekane), na zoezi langu la kwanza lilikuwa lile ambalo karibu kila mwanafunzi hupewa, yaani mpira unaodondoka na kudunda hadi utulie. Nilichora kwa kukisia tu, bila hesabu yoyote. Nilipozipiga picha karatasi zile na kuzitazama kwa mfululizo, mistari ilikuwa inatetemeka na duara lilikuwa likinenepa na kukonda, lakini jicho lilikubali kwamba ule ni mpira na chini yake pana sakafu.

Wiki iliyopita nilihamia kwenye Blender, programu ya uhuishaji wa kompyuta, na kulirudia zoezi lilelile. Niliuweka mpira juu katika fremu ya 1 (fremu ni picha moja ya mfululizo), nikaushusha sakafuni katika fremu ya 13, nikaupandisha hadi nusu ya kimo cha kwanza katika fremu ya 25, nikaurudisha sakafuni katika fremu ya 37, kisha nikaupandisha hadi robo ya kimo katika fremu ya 49 na kuushusha tena katika fremu ya 61. Fremu zote za katikati zilijazwa na programu yenyewe. Matokeo yake ni mpira wa duara kamili usiotetemeka hata kidogo, ila unashuka kama puto na kugusa sakafu kana kwamba unaogopa kuiumiza. Nikasema labda unahitaji kubonyea unapogusa chini, hivyo katika fremu za mguso nikapunguza kimo chake hadi nusu na kuuongeza mara mbili kwa upana, pande zote mbili. Sasa unaonekana kama mfuko uliojaa maji.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, ni kitu gani kilikuwamo kwenye karatasi zangu mbovu ambacho hakimo kwenye kazi hii safi ya kompyuta? Pili, je, kanuni za wachoraji wa zamani zinafanya kazi ndani ya programu hizi, au huku kuna kanuni nyingine ninazopaswa kujifunza upya?

fremu24

Ndugu kalamu_risasi, umeeleza vizuri kiasi kwamba makosa yanaonekana hata bila kuiona kazi yenyewe. Yako matatu, na moja ni kubwa kuliko mengine.

Kosa kubwa ni kwamba umeiambia kompyuta mpira uwe wapi na lini, lakini hukuiambia uendeje baina ya hapo. Wahuishaji hutofautisha mambo mawili ambayo anayeanza huyachukulia kuwa jambo moja. Kuna muda, yaani idadi ya fremu kutoka pozi moja hadi jingine, na kuna mwachano, yaani umbali ambao kitu kinasogea kati ya fremu moja na inayoifuata. Unaweza kuwa na muda uleule wa fremu 12 na kupata mipira mitatu tofauti kabisa kwa kubadilisha mwachano peke yake.

Tuuchukue mshuko wako wa kwanza. Kitu kinachodondoka huongeza kasi kwa namna ambayo, ukiugawa muda wake katika vipande vinne vilivyo sawa, umbali unaopitwa katika kila kipande hufuata uwiano wa 1, 3, 5 na 7. Jumla yake ni 16. Kwa hiyo katika fremu ya 4 mpira wako ulipaswa kuwa umeshuka sehemu moja tu ya kumi na sita, katika fremu ya 7 robo, katika fremu ya 10 sehemu tisa za kumi na sita, na zile fremu tatu za mwisho zimeze karibu nusu ya safari nzima. Programu yako haikufanya hivyo. Kwa kawaida hulainisha kila ncha: huanza polepole, huongeza mwendo katikati, kisha hupunguza kabla ya kufika. Katika fremu ya 7 mpira ulikuwa tayari umefika nusu ya njia, halafu ukaanza kufunga breki kuelekea sakafuni. Hapo ndipo puto lako lilipozaliwa.

Fungua dirisha la grafu na uutazame mstari wa kimo. Sasa hivi bila shaka unafanana na mawimbi ya bahari tulivu, umelainika juu na chini. Unatakiwa ufanane na matao ya daraja: vilele viwe vya mviringo, lakini kila mahali mstari unapogusa sakafu pawe na ncha kali yenye umbo la herufi V. Chagua fremu za mguso tu, ubadilishe vishikio vyake (vile vijiti vya kupindia mstari) viwe vya aina ya vekta, kisha uvivute hadi mstari uingie na kutoka kwa ukali. Vilele usiviguse. Ni kazi isiyozidi dakika mbili, na utashangaa mpira unavyopata uzito ghafla.

Kosa la pili ni kwamba umeipa kila safari fremu 12, iwe ndefu au fupi. Mdundo mfupi huchukua muda mfupi, ingawa si kwa uwiano wa moja kwa moja, kwa sababu muda hufuata kipeuo cha pili cha kimo. Mpira ukipanda hadi robo ya kimo, muda wake ni nusu, si robo. Ukipanda hadi nusu ya kimo, muda ni takriban sehemu saba za kumi. Kwa hesabu hiyo mguso wa kwanza unabaki fremu ya 13, kilele cha pili kinaangukia fremu ya 21 au 22, mguso wa pili fremu ya 30, kilele cha tatu 36 na mguso wa tatu 42. Wewe ulikuwa bado unaelea hadi 61.

La tatu ni huko kubonyea. Kwenye karatasi, ukipunguza kimo kwa nusu unaongeza upana mara mbili na eneo linabaki lilelile. Kwenye umbo la pande tatu upana una mielekeo miwili, nawe umeiongeza yote miwili mara mbili, kwa hiyo mpira wako uliongezeka ujazo mara mbili kila ulipogusa chini. Kwa kimo cha nusu, kila upana uwe 1.41. Na ubonyee katika fremu ya mguso tu; fremu moja kabla ya hapo urefuke kidogo kufuata njia unakoelekea.

meza_ya_taa

Nayaunga mkono aliyoyasema fremu24, na ningependa kulijibu lile swali la kilichokuwamo kwenye karatasi, kwa sababu nimechora kwa mkono miaka mingi kabla ya kugusa kompyuta.

Ulipokuwa ukichora, karatasi mbili au tatu zilikuwa zimeshikiliwa pamoja kwenye vile vijiti vya meza ya taa, nawe ulikuwa ukizipekua kwa vidole. Mchoro wa nyuma ulionekana kwa ukungu chini ya ule mpya. Kila ulipoweka duara jipya ulilazimika kuamua liwe mbali kiasi gani na la awali, na bila kujua ulikuwa unapanga mwachano. Karatasi haikuruhusu kuukwepa uamuzi huo. Programu inaruhusu, na zaidi ya kuruhusu, inaamua kwa niaba yako bila kukuarifu.

Mgawanyo huu wa kazi haukuanza na kompyuta. Katika studio za michoro ya mkono, mhuishaji mkuu alichora mapozi makuu, akazungushia duara namba za karatasi hizo, kisha pembeni akachora ngazi ndogo yenye vistari vya kuonyesha kila mchoro wa kati ukae wapi. Vistari vikibanana upande mmoja, mwendo ni wa polepole upande huo. Vikiachana, ni wa kasi. Msaidizi alipokea karatasi na ngazi ile, akajaza. Watafiti Nestor Burtnyk na Marceli Wein, waliokuwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, walipoifundisha kompyuta kujaza fremu za kati mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa kweli waliichukua kazi ya msaidizi huyo. Ila msaidizi wa kibinadamu aliyepewa mapozi bila ngazi angerudi mezani kwako kuuliza. Kompyuta hairudi.

Ndiyo maana kanuni za zamani hazijafa. Frank Thomas na Ollie Johnston waliziorodhesha 12 katika kitabu chao cha mwaka 1981, wakiwa wametumikia maisha yao ya kazi katika Disney, na mwaka 1987 mhuishaji John Lasseter aliwasilisha makala katika SIGGRAPH, mkutano wa michoro ya kompyuta, akieleza namna kanuni hizohizo zinavyotumika kwa maumbo ya pande tatu ya kompyuta. Kubonyea na kurefuka, kujiandaa kabla ya tendo, kwenda kwa matao, sehemu laini kuchelewa nyuma ya mwili: yote yanahusu jicho la mtazamaji, na jicho halikubadilika vifaa vilipobadilika.

Nikiruhusiwa kwenda pembeni kidogo: wengi bado wanafundisha kwamba mwendo unaonekana kwa sababu picha iliyopita "inabaki" machoni. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1912 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu akitazama mistari miwili isiyosogea, ikitokea kwa zamu na kwa kasi inayofaa, huona mmoja ukihama kutoka hapa hadi pale. Mwendo unatengenezwa na ubongo kutokana na pengo. Kwa hiyo ukiharibu mapengo, usafi wa michoro yenyewe hauokoi kitu, na ukiyapanga vizuri, hata duara linalotetemeka linakubalika.

mwanasesere

Mimi natumia vikaragosi na udongo wa kufinyanga, napiga picha moja, nasogeza, napiga nyingine. Nimesoma majibu yote mawili na nina pingamizi dogo.

Hesabu ya 1, 3, 5, 7 ni sahihi, na mwanafunzi aifanye angalau mara moja kwa mkono wake. Lakini mpira uliofuata hesabu kamili mara nyingi huonekana sahihi na mkavu kwa wakati mmoja, kama mashine ya maabara. Sisi wa vikaragosi hatuna fremu za kati za kurekebisha baadaye. Tunakwenda mbele moja kwa moja kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na ukikosea katika picha ya 80 unachagua kati ya kuanza upya na kuishi na kosa lako. Kwa sababu hiyo tunajifunza mapema mahali pa kudanganya. Pale juu kileleni mimi humwachia mpira picha moja au mbili zaidi ya zile ambazo fizikia ingempa, kisha naupunguza mshuko kwa idadi hiyohiyo. Mtazamaji haoni udanganyifu. Anaona mpira wenye nguvu.

Jambo jingine ni kwamba si kila mpira unabonyea. Mpira wa chuma haubonyei kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na ukiubonyeza umeshabadilisha kinachodondoka. Kabla hujagusa kipimo chochote, jiulize mpira wako ni wa nini na una ukubwa gani. Kitu kinachodondoka kwa nusu sekunde, yaani fremu 12 katika mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, kinakuwa kimeshuka takriban mita 1.2, kwa sekunde nzima, takriban mita 4.9. Ukitumia fremu 24 kwa mshuko ambao machoni unaonekana kama kimo cha meza, mtazamaji ataamini ama mpira ni mwepesi ama yuko mwezini. Na kinyume chake, jengo linaloporomoka kwa fremu 12 linageuka kuwa kisanduku cha kiberiti.

Kwa udongo, kubonyea kwetu hakuna kipimo cha 1.41. Nina mipira mitano iliyofinyangwa kutoka donge lenye uzito mmoja, kila mmoja na umbo lake, nami nabadilisha mmoja kwa mwingine kati ya picha na picha. Ujazo hauwezi kuongezeka kwa sababu udongo ni uleule.

kalamu_risasi

Nawashukuru sana nyote. Nimeukarabati mpira hatua kwa hatua ili nijue kila dawa inafanya nini. Vishikio vya sakafuni peke yake viliondoa puto. Kubadilisha idadi ya fremu kuliondoa ule uzembe wa midundo ya mwisho. Na kipimo cha 1.41 kiliondoa mfuko wa maji. Kisha nikaujaribu ushauri wa mwanasesere, nikaongeza fremu moja kileleni na kuipunguza katika mshuko, na kwa macho yangu huo ndio bora kuliko wote, ingawa fremu24 huenda asikubali.

Kwa kiburi cha ushindi huo nimejaribu mtu anayetembea, kwa umbo lililokwisha kufungwa mifupa (viungo vya kompyuta vya kuliongozea) ambalo nililipakua. Nimerudi palepale. Mikono inapepea kama iko ndani ya maji, viganja vinapita katika mstari ulionyooka wakati wa kupunga, na mguu uliokanyaga chini unateleza kama sakafu ina mafuta. Grafu zake ni nyingi kiasi kwamba sijui pa kuanzia.

fremu24

Nakubali kuhusu fremu ya kileleni. Mwanasesere ana haki.

Kuhusu mtembeaji, usifungue grafu kabisa kwa sasa. Badilisha fremu zote kuu ziwe za ngazi, yaani pozi likae bila kusogea mpaka pozi linalofuata, kompyuta isijaze chochote. Hatua moja ya kawaida unaweza kuipa fremu 12: katika fremu ya 1 kisigino kinagusa chini, katika ya 4 mwili uko chini kabisa na goti limepokea uzito, katika ya 7 miguu inapishana, katika ya 10 mwili uko juu kabisa, katika ya 13 kisigino cha pili kinagusa. Tazama mapozi hayo matano yakirukaruka. Yasiposomeka yakiwa yamekaa, kuyalainisha kutaongeza ute tu. Yakisomeka, ongeza mapozi ya katikati kwa mkono wako hadi kusiwe na pengo kubwa kuliko fremu tatu, ndipo uiruhusu kompyuta ijaze.

Kuhusu viganja na mguu, tatizo ni moja lenye sura mbili. Mifupa inaweza kuongozwa kwa namna mbili. Ya kwanza huanzia begani: unazungusha bega, kisha kiwiko, kisha kifundo, na kiganja kinafuata. Kwa kuwa kila kiungo kinazunguka, kiganja hujikuta kinapita kwenye tao chenyewe. Ya pili huanzia mwishoni: unaweka kiganja au unyayo mahali fulani na kompyuta inakokotoa pembe za viungo vingine. Hii hukipeleka kiganja kwa njia fupi, yaani mstari ulionyooka, lakini ina faida moja kubwa, kwamba unyayo uliowekwa sakafuni hubaki hapo hata kiuno kikisogea. Inaelekea umbo ulilopakua linatumia namna ya pili kwa mikono na ya kwanza kwa miguu. Karibu kila umbo la aina hiyo lina swichi ya kubadilisha. Mikono inayopunga iongozwe kutoka begani, na miguu inayokanyaga iongozwe kutoka unyayoni.

meza_ya_taa

Naongeza moja kuhusu hizo ngazi. Ukipendezwa na mwendo wa mapozi yanayokaa fremu mbilimbili, na wengi hupendezwa kwa sababu ndio mwendo wa michoro ya mkono, michoro 12 kwa sekunde badala ya 24, angalia kamera yako. Kamera ikisogea kwa kila fremu huku mtembeaji akisogea kwa kila fremu mbili, mandhari itahama mara mbili wakati yeye amehama mara moja, naye ataonekana anatetemeka juu ya ardhi kama picha iliyobandikwa vibaya. Wachoraji walilijua hilo, na kila kamera ilipoanza kutembea walirudi kuchora fremu kwa fremu, hata kama ilimaanisha kuongeza michoro maradufu. Kwa hiyo ama kamera itulie, ama mtembeaji apewe fremu zote 24.

kalamu_risasi

Mikono sasa inapita kwenye matao na unyayo umetulia. Kamera ilikuwa inasogea, na nilikuwa nimekwisha kuanza kuilaumu mifupa. Bado kichwa kinafika mapema kuliko mwili kila hatua, lakini hilo nitalitafuta mwenyewe kwanza, nikiwa na mapozi ya ngazi, kabla sijawasumbua tena.